Kabla ya kuongeza chumba, tazama chini

Goma – Katika kata za magharibi mwa mji, nyumba iliyojengwa kwa ajili ya watu watano leo inalaza kumi. Vita vilianza tena katika Kivu ya Kaskazini mwishoni mwa mwaka 2021, na kambi za pembeni ya mji ziliondolewa Februari 2025. Wengi waliokimbia Masisi na Rutshuru hawako tena chini ya bashi. Wako kwa ndugu. Wanalala katika saloni, katika kolidori, jikoni karibu na makaa. Ndiyo sababu nyundo zinasikika parsele kwa parsele: watu wanaongeza chumba.

Wengi wa wanaojenga hawajawahi kujenga. Walinunua nyumba iliyosimama tayari, wakapewa ufunguo na karatasi, basi. Mmoja wao ni mama muuza maharagi katika soko la Kituku. Alipanga nyumba za wengine kwa miaka 14, akachanga likelemba na wenzake wa sokoni, mwishowe akanunua nyumba ya mbao huko Mugunga: saloni moja, vyumba viwili vya kulala, msingi wa makoro, manjanja yaliyoanza kushika kutu. Aliishi humo na bwana wake na watoto watatu.

Kisha mdogo wake akafika. Alikuwa amekaa kambini Bulengo, akarudi Masisi kambi ilipoondolewa, akakuta nyumba haina paa wala milango. Alirudi Goma na bwana wake, watoto wawili na mama mkwe mzee. Watu watano wakawa kumi. Watoto wote walilazwa chumba kimoja, juu ya mikeka, juu ya sakafu.

Mama mwenye nyumba alipiga hesabu yake. Zamu yake ya likelemba ilikuwa karibu. Pesa ile ingetosha vyumba viwili vya mbao nyuma ya nyumba, alivyofikiri. Alimwita fundi mzee wa mtaa, mtu aliyejenga msingi wa nyumba nyingi za avenue ile, akamwonyesha mahali. Nyuma ya nyumba ardhi inashuka, kuna kishimo. Wazo la mama lilikuwa rahisi: chumba kijengwe mle chini, karibu mita moja chini ya nyumba, ili asinunue mawe ya kujaza. Wangeshuka kwa ngazi tatu.

Fundi hakutazama kishimo. Aliomba aingie ndani kwanza. Akachukua kipande cha nondo, akapiga sakafu pole pole, kutoka ukuta hadi ukuta, huku ameinamisha sikio. Mahali pengine sauti ilikuwa nzito. Mahali pengine ilikuwa kama ya ngoma.

"Mama, hapa chini kuna utupu," alisema. "Aliyekuuzia alipaka simenti juu ya changarawe isiyoshindiliwa. Unene wake ni wa kidole."

Katika chumba cha watoto hali ilikuwa mbaya zaidi. Sakafu, ambayo wengi hapa huita pavema, ilikuwa imebaki pembeni tu. Katikati ilikuwa vumbi jeusi la volkano, limefunikwa kwa mkeka. Na kutoka saloni hadi mlango wa nyuma kulikuwa na ufa ambao jirani mmoja alisema upo tangu matetemeko ya Mei 2021, siku zile Nyiragongo ilipolipuka na sehemu ya mji ikaambiwa iondoke kuelekea Sake, Rutshuru na Rwanda. Mwenye nyumba wa kwanza aliufunika kwa simenti kidogo kabla ya kuuza. Ufa ulirudi.

"Sasa kile kishimo," fundi aliendelea. "Mle hatujengi."

Sababu yake kila mkaaji wa Mugunga anaijua kwa jina, hata kama hajui inavyofanya kazi: mazuku. Ni hewa ya kaboni inayopanda kutoka ardhini kupitia nyufa za lava. Haina rangi, haina harufu. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo haipandi juu. Inatiririka na kutulia mahali pa chini kama maji. Usiku na asubuhi mapema, wakati hakuna upepo, inajaa mashimoni. Ndiyo maana mara nyingi huko Bulengo, Ziwa la Kijani na kando ya ziwa Kivu, wanyama hukutwa wamekufa kwenye mabonde madogo, na mtu mzima anayepita amesimama haoni kitu. Mbuzi yuko chini. Mtoto aliyelala juu ya mkeka naye yuko chini.

Mama alinyamaza. Kisha aliuliza kama hawawezi kupima kwa mshumaa, jinsi wazee wanavyofanya. Fundi alimjibu kwamba mshumaa ukizimika, kimbia, usiulize. Lakini usipozimika, hiyo si ruhusa ya kulaza watoto. Moto unaweza kuwaka bado wakati mtu ameanza kuumwa kichwa na kuishiwa nguvu, na hewa ya saa sita mchana si hewa ya saa kumi usiku. Katika kata ambapo mazuku inajulikana, njia ya busara ni kutochimba chumba chini ya ardhi, kuinua sakafu, kuziba nyufa za sakafu, na kuacha matundu ya hewa chini kabisa ya ukuta, si juu peke yake, ili kizito kipate mahali pa kutokea. Kishimo chenyewe kijazwe mawe. Na mwenye shaka juu ya parsele yake aulize ofisi ya uchunguzi wa volkano ya Goma, OVG, kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa simenti.

Hapo hesabu ya mama iliharibika. Kujaza kishimo, kutengeneza sakafu ya zamani, na kujenga vyumba viwili: pesa haikutosha. Alipaswa kuchagua. Vyumba viwili haraka juu ya ardhi mbaya, au chumba kimoja na sakafu nzuri nyumba nzima.

Usiku ule waliongea watu wazima wote watano. Bwana wa mdogo wake alitaka vyumba viwili, kwa sababu aliona aibu kulala saloni na mama yake mzazi. Mama mkwe alisema yeye hahitaji chumba, anahitaji mahali pakavu, maana miguu inamwuma kila mvua ikinyesha. Ni yeye aliyemaliza maneno. Walichagua sakafu na chumba kimoja.

Kuna wanaofikiri sakafu ni urembo, kitu cha kuongeza pesa ikibaki. Kwa mtu mwenye kitanda labda. Kwa familia inayolala chini, sakafu ndiyo kitanda, ndiyo meza, ndiyo mahali mtoto anapotambaa na kutia vidole mdomoni. Ndani ya vumbi ndimo funza wa miguu wanamokaa, ndimo mayai ya minyoo yanamobaki. Huko Mexico, katika mkoa wa Coahuila, serikali ilianza mwaka 2000 kuwawekea maskini sakafu ya simenti mahali pa udongo. Watafiti waliolinganisha familia walikuta watoto wa nyumba zilizopata simenti wanaugua minyoo na kuhara kidogo zaidi, na wana damu ya kutosha zaidi. Hakuna dawa iliyogawiwa katika mpango ule; kilichobadilika ni kile walichokanyaga. Hata asiyeweza kununua simenti hakosi njia kabisa: ng'ambo ya mpaka, Rwanda, shirika la EarthEnable linatengeneza sakafu za udongo na changarawe zilizoshindiliwa, kisha zikapakwa mafuta yanayokauka na kuwa gumu kama ngozi, ili maji na vumbi visipenye. Kwa kijiji chenye udongo mzuri, hilo ni jambo la kujifunza. Kwa Goma yenye mawe, simenti inabaki njia ya wengi.

Kazi ilianza mwezi wa sita, kiangazi kilipoingia. Hilo nalo ni shauri la fundi: mvua za Machi hadi Mei zimekwisha, zile za Septemba bado.

Bwana wa mdogo alikuwa mkulima, hakuwahi kufanya kazi ya ujenzi. Alipewa nyundo. Kwa wiki mbili alivunja makoro ya parsele ile ile na kuyatupa kishimoni, makubwa chini, madogo juu, yakashindiliwa kila yalipofikia urefu wa kiganja. Watoto walikusanya vipande vidogo kwa ndoo. Mawe ambayo mama aliyaona kama uchafu wa kiwanja yakawa mali: hakununua hata tripu moja ya kujazia.

Simenti ilikuja kwa chukudu, mifuko sita kwa safari. Na hapa mgeni wa ujenzi anaibiwa au anajiibia mwenyewe, kwa sababu hajui kuhesabu. Fundi alimfundisha mama hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya kwa kalamu. Pima urefu mara upana, kisha mara unene. Chumba cha watoto ni mita 3 kwa 3, ni kusema mita 9 za mraba. Zege la sentimita 8 linafanya mita za ujazo 0,72. Kwa mchanganyiko wa ndoo moja ya simenti, tatu za mchanga na tano za changarawe, mita moja ya ujazo inakula karibu mifuko 5 ya kilo 50. Chumba kile basi ni karibu mifuko 4. Juu yake linakuja tabaka laini la sentimita 2, lenye simenti nyingi zaidi, karibu mfuko mmoja na nusu. Jumla mifuko 6. Chumba kipya cha mita 3 kwa 4 ni mifuko 7. Nusu ya saloni iliyolia kama ngoma ni mifuko 5. Jumla yote 18. Mama aliandika 18 kwenye daftari lake la maharagi, na kila mfuko uliofunguliwa aliuwekea alama. Anayeuza maharagi kwa kipimo hawezi kununua simenti bila kipimo.

Sakafu mbovu ilibomolewa yote, haikufunikwa. Simenti mpya juu ya simenti iliyoachana na ardhi inafuata ufa wa chini yake, hata ingekuwa nzuri namna gani. Chini yalipangwa mawe kwa mkono, yamesimama yamebanana, yakajazwa changarawe katikati, yakashindiliwa. Kisha ilihitajika karatasi ya plastiki, ya kuzuia unyevu kupanda na kupunguza hewa ya ardhini.

Hapo ndipo yalitokea maneno. Ndani ya nyumba kulikuwa na bashi moja nzito, ile ambayo mdogo wa mama alitoka nayo kambini. Mama alisema itandikwe chini ya zege, ipunguze gharama. Mdogo wake aliikunja, akaikalia.

"Yaya, hii hapana," alisema. "Na tukikimbia tena?"

Dada mkubwa alikasirika kwanza. Yeye anatoa pesa yake yote, na mwingine anakatalia kipande cha plastiki. Lakini fundi, ambaye alikuwa akisikiliza, alisema bashi ile ina matundu ya kamba na misumari, haitazuia kitu. Mama alinunua plastiki mpya sokoni, ikatandikwa mara mbili na kupandishwa kidogo ukutani. Bashi ilibaki juu ya boriti, imekunjwa. Iko pale hadi leo, na hakuna aliyeizungumzia tena.

Siku ya kumwaga zege, shida ilikuwa maji. Mugunga maji yananunuliwa kwa bidoni, na watu wawili walitumwa kupanga foleni tangu alfajiri. Kinyume na wanavyodhani wengi, hatari haikuwa maji kuwa machache. Ilikuwa kuyatia mengi. Mfuko mmoja wa kilo 50 unataka lita 25 hivi, bidoni moja na robo. Kibarua anayechoka huongeza maji ili zege liteleze, na kila lita ya ziada inaacha matundu na vumbi sakafu ikikauka. Changarawe ya volkano ina vitundu, inakunywa maji. Kwa hiyo inaloweshwa kabla, isije ikanyonya maji ya simenti.

Usawa ulipimwa kwa mpira mwembamba unaopenyesha mwanga, uliojazwa maji: maji ya ncha hizi mbili hulala sawa siku zote, hata kama jicho linadanganya. Sakafu ya chumba kipya iliwekwa sawa na ya nyumba, ili bibi asijikwae usiku, lakini juu ya uwanja kwa zaidi ya sentimita 20, na mteremko mdogo wa sentimita moja kwa kila mita kuelekea mlangoni.

Kati ya sakafu ya zamani na mpya fundi aliacha nafasi ya sentimita moja, akaijaza lami. Mama aliona ni ufa wa makusudi, akauliza kwa nini analipia ufa. Jibu lilikuwa hili: nyumba ya zamani imekwisha kulala juu ya ardhi yake, chumba kipya bado kitashuka kidogo. Ukizifunga pamoja, moja itaipasua nyingine. Ukiziachia nafasi na kuiziba kwa kitu kinachovutika, kila moja itatulia kivyake, na hewa ya chini haitapita. Kwa ajili hiyo hiyo kuta za chumba kipya ni za mbao. Katika mji wa matetemeko, mbao hupinda na kurudi. Bloki zisizo na chuma hupasuka na kuanguka.

Kisha kazi iliyowashinda wengi: kungoja. Zege halikauki kama nguo. Linakomaa kwa kunywa maji. Kwa siku saba sakafu ilifunikwa kwa magunia, ikamwagiwa asubuhi na jioni maji yaliyokwisha kuogea na kufulia, yale yasiyo na sabuni nyingi. Watu kumi walijibana katika chumba kimoja na nusu. Majirani waliwacheka. Siku ya nane watoto waliruhusiwa kuingia bila viatu.

Kabla ya haya yote kulikuwa na jambo lingine la chini, lisiloonekana: karatasi. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wa Congo ni wa Leta, na haki ya mtu juu ya parsele inathibitishwa na cheti cha uandikishaji. Fishi ya kata na karatasi ya kununulia ni mwanzo wa safari, si mwisho wake. Anayeongeza chumba anatakiwa pia kuwa na ruhusa ya kujenga, na kujua mpaka wake unapita wapi kabla ya kumwaga msingi. Mama aliwaita majirani wote wanaopakana naye, wakatazama alama pamoja mbele ya shefu wa avenue. Jirani wa nyuma aliomba paa lisimwagie maji kwake. Paa likageuzwa upande, likawekewa mfereji na pipa. Maneno ya siku moja yamezuia kesi ya miaka.

Na kulikuwa na karatasi ya pili, ambayo familia nyingi huiogopa. Bwana wa mdogo alivunja mawe wiki mbili bila mshahara. Je, chumba ni chake? Mdogo alichanga pesa kidogo aliyopata kwa kufua nguo za watu. Je, ni mkopo au ni msaada? Katika nyumba nyingi hakuna anayeuliza, kwa sababu ni ndugu, na kwa sababu kila mmoja anaamini vita vitakwisha mwezi ujao. Swali linakuja baadaye, siku ya kuachana au siku ya msiba, na linakuja likiwa na hasira.

Hawa waliliuliza mapema. Waliandika nusu ukurasa: nyumba ni ya mama na bwana wake, familia ya mdogo inakaa bila kulipa mpaka njia ya kurudi kwao ifunguke, siku ya kurudi watarudishiwa pesa waliyochanga, na chumba kitapangishwa. Kazi ya mikono iliandikwa kama mchango wa undugu, kwa neno la mwenyewe aliyeifanya. Wote wanne walitia sahihi, shefu wa avenue akawa shahidi. Mdogo wa mama alisema kwamba tangu siku ile anaweza kuomba chumvi bila kuinamisha kichwa.

Ndugu msikilizaji unayetaka kuongeza chumba, iwe ni kwa ajili ya watoto wako au kwa walio mlangoni wakiwa na mizigo, usianze na manjanja. Piga sakafu uliyo nayo, usikilize. Uliza ardhi yako inatoa nini usiku. Hesabu mifuko kabla ya kuiagiza. Keti na jirani, keti na ndugu, andikeni. Na wewe uliyepokelewa, usione haya kuuliza nafasi yako ni ipi. Mwenye nyumba naye anangoja mtu aanze.

Chumba cha pili cha mama yule bado hakijajengwa. Benki nyingi za mji zilifunga milango mwishoni mwa Januari 2025, pesa sokoni ikawa adimu, na zamu ya likelemba inakawia. Lakini mahali pake pamekwisha kujazwa mawe na kushindiliwa. Kwa sasa bibi anaanikia maharagi hapo, mchana kutwa, na kuku wa jirani wanafukuzwa.